Hita ya maji ikivuja, usizibe valvu ya usalama

Mwezi wa Juni na Julai baridi ya Tunduma na Vwawa si ya mzaha. Anayeamka kutia udhu wa Alfajiri, mzee, mwenye kuhitaji josho na mama mwenye mtoto mchanga wote wanajua thamani ya maji ya moto. Wapo waliofunga hita ya umeme bafuni kwa ajili hiyo. Leo tutazame tatizo moja la hita hizo: valvu ya usalama kudondosha maji, na hatari ya kuiziba.

Valvu hii ni kifaa kidogo, mara nyingi chenye kishikio, kinachofungwa kwenye bomba la maji baridi linaloingia katika mtungi. Maji yakipata moto hutanuka. Mtungi wa lita 50 ukipashwa kutoka nyuzi joto 10 hadi 60, maji yake huongezeka kwa zaidi ya robo tatu ya lita. Ziada hiyo ikikosa njia, msukumo hupanda. Valvu hufunguka na kuitoa.

Mwenye nyumba akiona matone sakafuni huchoka, akaziba tundu kwa kizibo au kijiti. Hapo ameondoa kinga. Thamostati ikiharibika, maji yataendelea kupanda moto kupita kiwango cha kuchemka. Mtungi ukipasuka, maji hayo hugeuka mvuke ghafla, na lita moja ya maji hutoa zaidi ya lita 1,600 za mvuke. Huo ni mlipuko unaoweza kubomoa ukuta na kuua.

Basi tufanye nini? Zima hita kwenye swichi yake, acha maji yapoe, kisha chunguza ni wakati gani inavuja.

Kwanza, ikidondosha wakati wa kupasha moto tu, kisha ikaacha, hiyo ni kazi yake ya kawaida. Funga mpira mdogo kutoka kwenye tundu hadi kwenye ndoo au mfereji. Mpira uteremke, na mwisho wake ubaki wazi. Maji hayo usiyamwage. Yakikingwa katika chombo safi yanafaa kwa kufua, kudeki, hata udhu, na Uislamu umetukataza israfu.

Pili, ikidondosha usiku na mchana, hata hita ikiwa imezimwa, tazama maji yanatoka wapi. Simtanki lililo juu mita 5 hutoa msukumo mdogo sana, wakati valvu nyingi za nyumbani hufunguka kwa msukumo unaokaribia ule wa maji yenye kimo cha mita 80. Kwa hiyo mwenye simtanki ashuku mchanga, chokaa au valvu iliyochoka. Maji yakiwa yamepoa, inua kishikio kwa sekunde chache ili uchafu utoke, kisha kirudishe. Ikiendelea kuvuja, badilisha valvu. Lakini kama bomba la mtaa limeungwa moja kwa moja na hita, na uvujaji huzidi usiku, huenda msukumo wa bomba ni mkubwa. Mwite fundi bomba aupime na afunge kifaa cha kuupunguza.

Tatu, ikitoa maji yanayochemka au mvuke, hilo ni la hatari. Zima umeme kwenye swichi kuu, watoe watoto bafuni, usiguse valvu wala mtungi. Mwite fundi umeme akague thamostati, na hita isiwashwe mpaka itengenezwe.

Ukinunua valvu mpya, iwe Tunduma au ng'ambo Nakonde, hakikisha kiwango cha msukumo kilichochongwa juu yake hakizidi kile kilichoandikwa kwenye kibao cha mtungi. Valvu ngumu kupita kiasi ni sawa na iliyozibwa.

Mwisho, nyuzi joto 60 zinatosha. Joto hilo huzuia vijidudu kuzaliana ndani ya mtungi, lakini linaweza kumbabua mtoto kwa sekunde chache. Tia maji baridi kwenye beseni kwanza, ndipo uongeze ya moto, na uyapime kwa mkono kabla ya kumwogesha.

Leo kabla ya kulala, tazama chini ya hita yako. Ukikuta tundu limezibwa, zima umeme, na usiiwashe tena mpaka fundi afungue njia hiyo na kukagua valvu. Wabillahi Tawfiq.