Wapiga Zumari wa Uskoti

Watu wa Uskoti wana zumari yao iliyofungwa katika mfuko wa ngozi. Mpigaji huujaza mfuko pumzi, kisha huubana kwa mkono, na hewa hupita katika zumari itoayo wimbo na katika mirija mitatu ivumayo pasipo kukoma.

Siku hizi, kila mwezi wa Agosti, vikosi vya wapigaji hao hushindana mjini Glasgow kutafuta ubingwa wa dunia. Tangu mwaka 1981 hata 1986 kikosi cha polisi wa Strathclyde kilishinda miaka sita mfululizo. Je, wenzao wangefanyaje? Kununa hakulinganishi sauti. Tena hapakuwa na siri: kikosi hupiga mbele ya watu wote, na mshindani aweza kusimama kando akasikiliza. Husikia wapigaji zaidi ya kumi wakianza kama mtu mmoja. Hapo huijua kazi inayomngoja kwao, kulinganisha zumari moja na nyingine kabla ya kufikiri wimbo mpya. Kazi hiyo huchosha, wala haina sifa. Mimi nifundishaye kwaya naijua.

Lakini aigaye tu hubaki nyuma. Mwaka 1987 kikosi cha 78th Fraser Highlanders, kutoka Kanada, kilipiga kwa ulinganifu, kikaongeza mpangilio wa nyimbo uliokuwa mgeni masikioni. Kikashinda, nacho kilikuwa cha kwanza kutoka nje ya Uskoti. Baadaye walishinda wa Ireland ya Kaskazini pia, na Waskoti wakawa na zamu yao ya kusimama kando na kusikiliza.