Upigaji Picha wa Sayari kwa Darubini Ndogo na Kamera ya Kawaida: Mfano wa Bariadi, Mkoani Simiyu

Makala haya yanafafanua namna mtu mwenye darubini ndogo na kamera ya kawaida, au simu ya mkononi tu, anavyoweza kupiga picha ya sayari akiwa Bariadi, na ni kwa kiasi gani picha hiyo inaweza kuaminika. Suala la kuaminika ndilo zito zaidi. Picha ikiingizwa darasani kama ushahidi, mwanafunzi ana haki ya kujua kipi kimetoka angani na kipi kimetengenezwa na kompyuta. Kupatwa kwa Jua kipete tarehe 1 Septemba 2016, kulikoonekana vizuri Rujewa, mkoani Mbeya, kuliamsha hamu ya elimu ya anga nchini, elimu ambayo Dkt. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania ameieneza kwa miaka mingi. Hata hivyo, kupatwa kwa Jua huja mara chache. Sayari zipo kila mwaka.

Bariadi ipo takribani nyuzi 3 kusini mwa ikweta, na hiyo ni neema ambayo wakazi wake hawajaitumia. Mshtarii na Zohali husafiri karibu na njia ya Jua, isiyovuka nyuzi 23 na nusu kaskazini au kusini mwa ikweta ya anga. Kwa hiyo, zinapofikia kimo chake cha juu kabisa hapa, huwa zaidi ya nyuzi 60 juu ya upeo. Sayari iliyopo mwisho wa kusini wa njia hiyo, ikitazamwa London, hupanda nyuzi 15 hivi tu, na nuru yake hulazimika kupenya hewa zaidi ya mara tatu ya ile inayopenywa hapa. Septemba 2025, Zohali ilipokuwa upande ulio kinyume kabisa na Jua, ilipita karibu na utosi wa Bariadi.

Neema hiyo ina adha yake. Stendi zinazofuata mzunguko wa anga hutengenezwa zaidi kwa ajili ya latitudo za Ulaya na Marekani. Mhimili wake hupaswa kuelekezwa kwenye ncha ya anga, ambayo hapa ipo nyuzi 3 tu juu ya upeo wa kusini, na stendi nyingi haziwezi kulazwa kiasi hicho bila uzito wa kusawazisha kugonga mguu. Stendi rahisi ya kugeuza juu-chini na kulia-kushoto inafaa zaidi. Nayo husumbua sayari inapokuwa utosini kabisa, kwa kuwa kila msogeo mdogo hudai mzunguko mkubwa wa stendi. Ni afadhali kupiga picha kabla sayari haijafika hapo, au baada ya kupita.

Watu hudhani kwamba giza nene ndilo sharti la kwanza. Kwa sayari sivyo: taa za mjini haziiathiri Mshtarii hata kidogo. Adui ni joto. Ardhi, mabati na lami vilivyochomwa na jua mchana kutwa huendelea kutoa hewa moto usiku, na taswira hutikisika kama kitu kilicho chini ya maji. Darubini iwekwe kwenye nyasi, mbali na mapaa, itolewe nje nusu saa kabla ili kioo chake kipoe, na kazi ifanywe usiku wa manane au alfajiri. Kiangazi cha Juni hadi Septemba kina mawingu machache. Vumbi na moshi wa msimu huo hufifisha sayari kuliko kuiharibu.

Tuchukue darubini ya kioo cha milimita 114 yenye urefu wa fokasi wa milimita 900. Mshtarii ikiwa karibu nasi huwa na upana wa sekunde za tao 47 hivi, ilhali nyuzi moja ina sekunde 3,600. Kamera ikiunganishwa moja kwa moja na darubini hiyo bila lenzi ya jicho, taswira ya sayari inayoangukia kihisi ina upana wa milimita 0.2 tu, yaani pikseli 50 hivi. Lenzi ya kukuza mara mbili hufikisha pikseli 100. Kukuza zaidi ya hapo hakuna faida kubwa, maana kioo cha ukubwa huo hakiwezi kutenganisha vitu vilivyo karibu kuliko sekunde moja ya tao. Mwenye simu huifunga nyuma ya lenzi ya jicho ya milimita 10, inayokuza mara 90, kisha hupunguza mwanga hadi mikanda ya Mshtarii ionekane. Simu ikiachwa ijiamulie, itatoa doa jeupe.

Picha moja haitoshi. Hupigwa video ya dakika moja, ambayo kwa fremu 30 kwa sekunde hutoa fremu 1,800. Programu za bure kama AutoStakkert huchagua zile zilizonaswa hewa ilipotulia, tuseme 360, na kuzipandanisha. Chembechembe za kelele hupungua takribani mara 19, yaani kipeuo cha pili cha 360. Video isizidi dakika mbili au tatu, kwa sababu Mshtarii hujizungusha kwa chini ya saa 10 na alama zake huhama.

Hatua ya kunoa picha ndiyo yenye hatari. Kupandanisha fremu hakuongezi kitu ambacho hakikuwapo. Kunoa kupita kiasi huongeza. Ukingo wa sayari hupata mstari mweupe usiokuwapo, na mikanda huzaa mikanda mingine. Kwa maoni yangu, picha ya darasani iambatane na fremu moja ghafi.

Lipo pia tatizo la majina. Orodha zilizozoeleka katika baadhi ya vitabu vya shule huiita sayari yenye pete Sarateni, na jina Zohali hupewa Uranus. Asili ya Kiarabu inakataa: Zuhal ndiyo yenye pete, ilhali Sarateni, Sumbula na Kausi ni majina ya makundi ya nyota ya zodiaki. Mwanafunzi aliyepiga picha nzuri ya pete akaiandika “Zohali” asikosolewe.

Mwisho ni saa. Saa 2 usiku ya Bariadi ni saa 20:00 ya Afrika Mashariki na 17:00 ya saa za dunia, na programu za kukokotoa nafasi za miezi ya Mshtarii mara nyingi hutaka hiyo ya tatu. Kosa la saa 3 hugeuza uso wa Mshtarii kwa nyuzi 109, na Doa Jekundu Kuu litatafutwa upande ambao halipo.