Klachi Ikiungua, Tafuta Kwanza Kilichoiunguza

Wakulima wa skimu za kando ya Mto Daua, tangu Rhamu mpaka Mandera mjini, wanajua hasara ya trekta kulala wakati wa mvua za Gu. Udongo hufaa kulimwa kwa siku chache tu, na orodha ya zamu ni ndefu. Mimi ndiye karani niandikaye orodha hiyo, na mara nyingi nikiuliza kwa nini trekta haikuja, jibu ni lile lile: klachi imeungua. Spea huagizwa Nairobi, mwendo wa kilometa 1,000 hivi, ikatiwa, na kabla ya msimu kwisha imeungua tena. Hapo mwenye trekta hulaumu spea. Mara nyingi spea haina hatia.

Kazi ya klachi ni kuunganisha injini na gia, na kuziachanisha dereva akanyagapo pedali. Ndani yake mna sahani iliyobandikwa lainingi pande zote mbili. Sahani hiyo ikibanwa sawasawa huzunguka pamoja na gurudumu zito la injini, wala haichakai. Ikibanwa nusu nusu huteleza, na kuteleza ndiko kuletako moto.

Yafaa kujua lainingi ni kitu gani. Husimuliwa kwamba Mwingereza mmoja, Herbert Frood, aliwaona wakulima wakizuia magurudumu ya mikokoteni kwa buti kuukuu, akaanza kutafuta kitu bora. Mwaka 1897 akaanzisha kampuni ya Ferodo. Baadaye asbesto ilitumika sana kwa sababu haiungui. Lakini vumbi lake huleta saratani ya mapafu, na Uingereza iliipiga marufuku mwaka 1999. Basi trekta ya zamani ikifunguliwa, vumbi la klachi lisipulizwe kwa mdomo wala kwa kompresa. Lifutwe kwa kitambaa chenye maji, na watoto wakae mbali.

Siku hizi mna aina mbili kubwa kwa klachi kavu ya trekta. Ya kwanza hufanywa kwa nyuzi zilizoshikanishwa kwa gundi ngumu. Hii hushika kwa upole. Udhaifu wake ni joto jingi na oili. Ya pili ni unga wa shaba au chuma uliochomwa pamoja na madini magumu mpaka ukawa kitu kimoja. Hii hustahimili moto mkali, lakini hushika ghafula kama mtego, nayo hula gurudumu la injini upesi zaidi. Wako wanaodhani iliyo ngumu ndiyo bora. Kwa trekta yenye madereva watano, wengine wakiwa wangali wanajifunza, mimi ningetia ile ya upole, maana kishindo cha klachi hupokelewa na meno ya gia, na giaboksi ni ghali kuliko lainingi. Lakini kitabu cha trekta kikiagiza aina ya pili, na kifuatwe kitabu.

Sahani iliyoungua msiitupe kabla ya kuitazama. Ikiwa imelowa oili, sili ya nyuma ya injini au ya giaboksi inavuja, na sahani mpya nayo italowa. Ikiwa ni kavu nayo imeliwa mpaka kwenye ribiti kabla ya wakati wake, tazameni mguu wa dereva: huenda anaupumzisha juu ya pedali siku nzima, au pedali haina nafasi ya kucheza kabla ya kuanza kusukuma. Gurudumu la injini likiwa na madoa ya buluu au nyufa, lichongwe au libadilishwe.

Gari la otomatiki, kama baadhi ya yale yachukuayo vitunguu na tikiti sokoni, halina pedali ya klachi, na wengine hudhani halina klachi. Zimo, tena si moja, ndani ya giaboksi, zikiogelea katika mafuta. Sahani za chuma tupu na zenye lainingi hupangwa kwa kupokezana, na pistoni isukumwayo na mafuta huzibana. Lainingi hii ni kama karatasi ngumu inywayo mafuta. Ile ya klachi kavu haifai humu kabisa, wala hii haifai kule.

Gari lenye mzigo likipigana na mchanga katika joto la Mandera, mafuta hupata moto kupita kiasi, na sili za mpira za pistoni hukakamaa. Mafuta hupenya pembeni, nguvu ya kubana hupungua, sahani huteleza na kuungua. Fundi akibadilisha sahani na kuacha sili za zamani, amefanya nusu ya kazi, na nusu hiyo haitadumu. Kadhalika rejeta ya kupoza mafuta na mabomba yake yasafishwe, kwa kuwa uchafu wa sahani zilizoungua hubaki humo, kisha hurudi ndani. Sahani mpya zilowekwe kwanza katika mafuta yale yale ya gia. Baadhi ya vitabu vya Toyota huagiza saa mbili. Fundi mwenye haraka atanung'unika, lakini mwenye gari ndiye alipaye.

Mafuta yawe ya aina iliyotajwa na kitabu cha gari. Katika Toyota nyingi zenye kijiti cha kupimia, hupimwa gari likiwa mahali tambarare, injini ikiunguruma na mafuta yakiwa moto. Yakiwa meusi na kunuka kama kitu kilichoungua, gari lisipakiwe mzigo tena mpaka fundi alifungue.