"Balance" tatu za Mbarara: Kiingereza cha simu na mfuko wa mfanyabiashara

Neno moja la Kiingereza linaweza kumgharimu mfanyabiashara kuliko nauli ya kutoka Nakivale hadi Mbarara na kurudi. Neno lenyewe ni "balance".

Mpe mwenye duka wa Mbarara noti ya elfu hamsini kwa bidhaa ya elfu arobaini. Elfu kumi atakayokurudishia ataiita "balance". Ndivyo Kiingereza cha Uganda kinavyosema chenji. Pesa ikiingia kwenye simu yako, ujumbe utakutajia "balance", yaani salio. Lakini muuzaji wa jumla akikuandikia kwenye risiti "balance 300,000", mambo yamegeuka: hilo ni deni lako. Neno ni lile lile, ila mara unadai, mara una akiba, mara unadaiwa.

Msomaji anayepitisha vitenge, samaki au nyanya kati ya nchi zetu anajua hasara ya namna hii haitangazwi. Inafichwa, kwa sababu kukiri kwamba hukuelewa karatasi uliyoitia sahihi ni aibu.

Nakivale, makazi ya wakimbizi wilayani Isingiro yenye umri wa zaidi ya miaka sitini, ina watu zaidi ya laki moja: Wakongomani, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inawaruhusu kufanya kazi, kufungua biashara na kusafiri, na wengi hushuka Mbarara kununua na kuuza. Katika masoko ya Nakivale Kiswahili kinakufikisha mbali. Mbarara nako, mji wa Kinyankole, hukosi wa kuelewana naye. Tatizo huanza mdomo unapofungwa na karatasi kufunguliwa. Leseni, mkataba wa stoo, risiti ya mfumo wa EFRIS wa Mamlaka ya Mapato, vyote ni Kiingereza. Katiba ya Uganda ilikitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na mwaka 2022 baraza la mawaziri likaamua kifundishwe shuleni kwa lazima. Ni hatua za kushukuru, ila karani wa leseni bado hajaletewa fomu ya Kiswahili.

Ndiyo maana watu wazima wanatafuta Kiingereza, na wengi wanakitafuta kwenye simu. Hata hiyo simu haikuja kirahisi. Ni mwaka 2019 tu Tume ya Mawasiliano ya Uganda iliporuhusu mkimbizi kusajili laini kwa kitambulisho cha mkimbizi au barua ya familia yake; kabla ya hapo wengi walitumia laini zenye majina ya watu wengine. Kisha ukaja ugonjwa wa Corona. Shule za Uganda zilifungwa kuanzia Machi 2020, na hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022. Walimu wenye simu walihamia WhatsApp, na baadhi yao hawakuondoka huko.

Je, programu za bure zinafundisha? Zinafundisha. Duolingo ina kozi ya Kiingereza kwa anayejua Kifaransa, na Mkongomani au Mrundi aliyesoma atapata humo msingi wa kutosha. Lakini Kiingereza chake ni cha Marekani: chenji huko ni "change". Teksi ni gari la mtu mmoja, wakati Mbarara "taxi" ni basi dogo mnalobanana kumi na wanne, na ukitaka gari la peke yako unaomba "special hire". Na Kifaransa chenyewe hutega. "Monnaie" ni chenji, "money" ni pesa yoyote. "Location" kwa Kifaransa ni kukodisha. Mteja wa Mbarara akikuomba "location" anataka kujua ulipo, hataki kupanga chumba chako.

Google Translate nayo husaidia, hasa kamera yake inayosoma maandishi na kuyaleta kwa Kiswahili. Ila ikikuta "balance" peke yake chini ya risiti, haina namna ya kujua kama umelipa zaidi au umelipa pungufu. Anayejua ni mtu aliyewahi kununua katika duka kama lile.

Kwa maoni yangu, chombo bora kuliko vyote ni kile kinachodharauliwa: kundi dogo la WhatsApp lenye mwalimu aliyepo hapa hapa, Nakivale au Mbarara. Mwanafunzi anapiga picha ya risiti ya jana, anaficha majina na namba, anaituma. Mwalimu anajibu kwa sauti: soma hivi, maana yake hii, ukiona neno hili uliza kabla hujalipa. Mwanafunzi naye anarudia kwa sauti yake. Ujumbe wa sauti wa dakika moja haumalizi hata MB moja. Darasa la video la saa nzima na mwalimu wa kujitolea aliye Ulaya hula mamia ya MB, tena huangukia saa za soko. Na tangu Julai 2021 bando la intaneti nchini Uganda linatozwa kodi ya asilimia 12. Ujumbe wa sauti husubiri mpaka ufunge duka.

Mwalimu huyo alipwe, hata kidogo. Wa bure hupotea muhula ukianza.

Wapo ambao simu pekee haiwafai. Mama asiyesoma lugha yoyote hawezi kuanza na programu inayomtaka abonyeze maandishi. Huyo anahitaji kwanza benchi na ubao, na madarasa hayo yapo: Baraza la Wakimbizi la Finland limekuwa likiwafundisha watu wazima kusoma, kuandika na Kiingereza katika makazi ya wakimbizi ya Uganda, Nakivale ikiwamo. Sauti za WhatsApp zitamsaidia kurudia nyumbani alichosikia darasani.

Masomo ya kwanza yasiwe salamu, kwa kuwa salamu kila mtu anazo. Yawe tarakimu. Aliyesoma kwa Kifaransa huandika 1.500 akimaanisha elfu moja mia tano, na akiona 1,500 anaweza kusoma moja na nusu. Kwenye Kiingereza cha Uganda alama hizo zimebadilishana kazi. Ipo hesabu ya biashara ya maelfu iliyoharibiwa na nukta.

Kisha saa. Ukimwambia dereva kwa Kiingereza "two o'clock" ukiwa na maana ya saa mbili asubuhi, ana haki ya kufika saa nane mchana, na nyanya zako zitakuwa zimekaa juani kando ya barabara ya Kaberebere kwa saa sita. Ubaya ni kwamba Kinyankole nacho huhesabu saa kama Kiswahili, kwa hiyo dereva mwingine atakuelewa vizuri na kuja asubuhi. Mwalimu wa Mbarara analijua hilo. Huwafundisha wanafunzi kusema "eight in the morning", kisha wamwombe dereva airudie kwa lugha yake.