Kosa la Vichwa vya Ombi Kuzidi Ukubwa katika Seva Wakala ya Wavuti: Chanzo, Uchunguzi na Utatuzi

Ikisiri

Makala haya yanafafanua kosa linalotokea pale ambapo vichwa vya ombi la wavuti vinazidi nafasi iliyotengwa na seva wakala. Kwa kutumia Nginx kama mfano mkuu, yanabainisha kwamba kupandisha kikomo pekee hakutoshi. Mchunguzi hana budi kutambua kwanza seva iliyokataa ombi, kisha kichwa kilichozidi, na hatimaye sababu ya kuzidi huko.

1.0 Utangulizi

Kivinjari kinapoomba ukurasa, hutuma kwanza mstari wa ombi, kisha vichwa, yaani taarifa kama vile jina la tovuti, lugha, vidakuzi na uthibitisho wa mtumiaji. Seva wakala, ambayo mafundi huiita proksi, husimama kati ya mtumiaji na seva ya programu, na hulazimika kuvisoma vichwa hivyo kabla ya kulipitisha ombi. Itifaki ya HTTP haikuweka kikomo cha ukubwa wa vichwa. Waraka wa RFC 9110 wa mwaka 2022 unaiachia kila seva ijiwekee kikomo chake, mradi inapokataa ijibu kwa msimbo wa kundi la 4xx. Msimbo mahususi wa 431 uliongezwa na RFC 6585 mwaka 2012, ingawa Nginx hujibu kwa msimbo wa jumla wa 400.

Uzito wa kosa hili umo katika namna linavyomfungia mtumiaji nje. Vidakuzi vikishazidi ukubwa, kila ombi kwenda tovuti ileile hubeba mzigo uleule, likiwamo ombi la kutoka kwenye mfumo. Mwanafunzi anayesajili masomo siku ya mwisho anaweza kukataliwa kila anapojaribu, ilhali mwenzake aliye kando anaingia bila shida. Msimamizi naye akijaribu kwa kompyuta yake huukuta mfumo ukiwa mzima, na malalamiko huonekana kuwa hayana msingi.

2.0 Vikomo na Tofauti Zake

Kwa mipangilio ya awali, Nginx hutenga bafa ya kilobaiti 1 kwa ajili ya vichwa. Isipotosha, huongeza hadi bafa 4 za kilobaiti 8 kila moja. Mstari wa ombi ukizidi bafa moja, jibu huwa 414. Kichwa kimoja kikizidi bafa moja, jibu huwa 400. Kwa hiyo, ijapokuwa jumla ya nafasi hiyo ni kilobaiti 32, kichwa kimoja cha kilobaiti 9 hukataliwa.

Seva nyingine hupima kwa namna tofauti. Apache huruhusu baiti 8,190 kwa kila kichwa na vichwa visivyozidi 100, wakati Tomcat hupima jumla, nayo ni baiti 8,192. Hivyo, ombi lenye vichwa vitano vya kilobaiti 3 hupita kwenye Nginx na kukataliwa na Tomcat iliyo nyuma yake. Kosa linaloonekana mlangoni huenda limezaliwa ndani.

3.0 Vyanzo Vikuu

Chanzo cha kwanza ni vidakuzi. RFC 6265 ya mwaka 2011 inavitaka vivinjari viweze kuhifadhi kidakuzi cha angalau baiti 4,096, na angalau vidakuzi 50 kwa kila kikoa. Katika HTTP/1.1, vidakuzi vyote vinavyohusika huunganishwa katika kichwa kimoja. Vidakuzi vitatu vya baiti 3,800, ambavyo kila kimoja ni halali, huunda kichwa cha zaidi ya baiti 11,400. Hali huwa mbaya zaidi pale ambapo mifumo ya matokeo, maktaba na malipo inaandika vidakuzi vyake kwa kikoa kikuu cha taasisi, kwa kuwa kila mfumo hupokea pia vidakuzi vya wenzake.

Chanzo cha pili ni tokeni za uthibitisho. Tokeni ya Kerberos katika mazingira ya Windows hubeba orodha ya makundi ya mtumiaji, hivyo mtumishi wa muda mrefu mwenye makundi mengi huathirika kabla ya mtumishi mpya. Aidha, usimbaji wa Base64 huongeza ukubwa kwa theluthi moja: tokeni ya baiti 6,300 hufikia baiti 8,400 na kuvuka kilobaiti 8.

4.0 Hatua za Uchunguzi

Kwanza, ombi litenganishwe na jibu. Msimbo wa 502 unaoambatana na taarifa ya vichwa vikubwa kutoka seva ya nyuma huhusu jibu. Marekebisho yake hufanywa kwenye proxy_buffer_size, wala si kwenye bafa za ombi.

Pili, ombi lenye kichwa kilekile litumwe kwa curl moja kwa moja kwenye seva ya programu, bila kupitia seva wakala. Likikubaliwa huko na kukataliwa kwenye seva wakala, mahali pa kosa pamejulikana.

Tatu, faili la kumbukumbu lichunguzwe kwa uangalifu. Nginx huliandika tukio hili katika kiwango cha info, ilhali kiwango chake cha awali ni error. Ukimya wa faili hilo, basi, si ushahidi kwamba kosa halikutokea.

Nne, urefu wa kila kichwa upimwe kwa zana za kivinjari cha mtumiaji aliyeathirika. Kinachofaa kunakiliwa ni urefu tu, kwa kuwa thamani ya tokeni ni siri inayoweza kumfungulia mtu mwingine mlango.

5.0 Utatuzi

Nafuu ya haraka ni kufuta vidakuzi vya tovuti husika. Kikomo kinaweza pia kupandishwa kupitia large_client_header_buffers. Hata hivyo, kipengele hicho kikiwekwa katika ngazi ya server, Nginx inaweza kutumia thamani ya seva ya msingi badala yake. Ni salama zaidi kukiweka katika ngazi ya http. Gharama yake nayo ipimwe: bafa 4 za kilobaiti 32 kwa miunganisho 10,000 zinaweza kufikia takriban gigabaiti 1.2 za memori. Ingawa bafa hizo hutolewa zinapohitajika tu, mshambuliaji anaweza kuzihitaji kwa makusudi.

Suluhisho la kudumu ni kupunguza mzigo wenyewe: taarifa za kikao zihifadhiwe kwenye seva na kidakuzi kibebe namba ya utambulisho tu, vidakuzi vifungwe kwenye mfumo unaovihitaji, na makundi yasiyotumika yaondolewe.

6.0 Hitimisho

Kikomo cha vichwa ni kinga, na kukiukwa kwake ni dalili. Kukipandisha bila kupima kilichokizidi huahirisha kosa hadi vidakuzi vijae tena, au hulisogeza hadi seva inayofuata.