Mwana-Farasi Hatazamwi Mara Moja



Wazee wetu wametuachia msemo kuwa nyota njema huonekana asubuhi. Sina nia ya kuwakosoa wazee. Hata hivyo, mwezi uliopita nilijiuliza: je, ni kila nyota? Na asubuhi yenyewe ni ya saa ngapi?

Swali hilo lilinijia shambani, huko Pajottenland, magharibi ya mji wetu wa Brussels, nilikowapeleka wanangu wawili kutazama farasi. Nyumbani nilikuwa nimeacha barua ya shule ikingojea sahihi yangu. Baraza la walimu lilipendekeza kuwa kijana wangu mwenye umri wa miaka 14 aachane na masomo ya jumla, ahamie mkondo wa ufundi. Barua hiyo nitairejea. Kwanza tuzungumze juu ya farasi.

Sisi watu wa pwani hatukukua na farasi. Lamu na Unguja mnyama wetu ni punda. Farasi walikuwa wa majumba ya wafalme na wa zawadi za wakubwa. Seyyid Said alipoituma merikebu yake Sultana mpaka New York mwaka 1840, miongoni mwa zawadi alizompelekea Rais Martin Van Buren walikuwamo farasi wawili wa Kiarabu. Lakini hapa tulipo sasa ni nchi ya farasi. Farasi wa Brabant ni mnyama wa kukokota, mnene wa shingo na mpana wa kifua, na mkubwa wao hukaribia uzito wa tani moja. Chama cha wafugaji wake kilianzishwa mwaka 1886. Ukifika uwanja wa kijiji cha Lennik utaiona sanamu yake; na ukienda Oostduinkerke, pwani ya bahari, utamwona mwenyewe akikokota nyavu za kamba majini, kazi ambayo UNESCO iliitambua mwaka 2013 kuwa urithi wa wanadamu.

Shambani tulimkuta mwana-farasi wa siku chache, miguu mirefu kama ngazi, amejificha ubavuni mwa mama yake. Nilimwuliza mzee mwenye shamba, kwa ulimi wa binti yangu asomaye shule ya Kiflemi: "Babu, huyu atakuja kuwa farasi wa namna gani?" Mzee akacheka. Akajibu kwa msemo ambao wafugaji wengi wa Ulaya wanao: mtazame akiwa na siku tatu, kisha miezi mitatu, kisha miaka mitatu. Hapo katikati, akasema, ni afadhali ugeuze uso.

YANAYOONEKANA MAPEMA

Msemo huo una maana yake. Yako mambo ambayo mwana-farasi huzaliwa nayo waziwazi. Mama humbeba kwa muda wa miezi kumi na moja, naye husimama kwa miguu yake yapata saa moja baada ya kuzaliwa. Uzito wake wakati huo ni kiasi cha sehemu moja katika kumi ya uzito atakaokuwa nao ukubwani, lakini kimo chake kimekwisha kupita nusu. Mfupa mrefu ulio chini ya goti karibu umetimia urefu wake wote. Kwa hiyo mfugaji hutazama jinsi miguu ilivyonyooka, mabega yalivyolala na shingo ilivyopachikwa.

Wapo pia wapimao kwa kamba. Huipima kamba kutoka kwenye kiwiko cha mguu wa mbele hadi kifundo kilicho juu ya ukwato, kisha huigeuza kamba hiyo hiyo kuelekea juu, kuanzia pale pale kiwikoni. Inapoishia ncha, husema, ndipo bega lake litakapofika akishakua. Si hesabu ya hakika, bali makisio yaliyotokana na uzoefu wa miaka mingi.

Tena hakuna mfugaji amtazamaye mtoto bila ya kumtazama mama. Mwaka 1938 wataalamu wawili wa Cambridge, Arthur Walton na John Hammond, walitoa habari za jaribio lao la kuchanganya Shire, farasi mkubwa kabisa wa Kiingereza, na Shetland, farasi mdogo wa visiwani. Damu ilikuwa moja, nusu kwa nusu, ila wengine walibebwa na mama mkubwa na wengine na mama mdogo. Waliobebwa na mama mkubwa walizaliwa wakiwa na uzito wa takriban mara tatu ya wenzao, na tofauti hiyo haikufutika yote hata walipokua. Nafasi anayopewa mtoto mwanzoni, basi, huonekana mwilini mwake kwa miaka mingi.

YANAYODANGANYA MACHO

Baada ya miezi michache huja kipindi ambacho mzee alituasa tugeuze uso. Mwana-farasi hakui sawasawa. Aghalabu sehemu ya nyuma hutangulia, kiuno kikawa juu kuliko mabega. Kisha mbele nako hufuata. Kichwa huonekana kikubwa, kifua chembamba, mwendo wa kujikwaa. Anayemhukumu wakati huo humhukumu mnyama ambaye bado yumo safarini.

Hata rangi hudanganya. Wengi wa farasi tunaowaona weupe walizaliwa weusi au wa rangi ya kahawia, wakageuka kidogo kidogo mwaka baada ya mwaka. Asiyejua humwandika mweusi daftarini. Ajuaye huangalia nywele chache za kijivu zilizo kando ya macho.

Ndani ya mwili nako kazi haijaisha. Mifupa hurefuka kwa njia ya gegedu laini iliyo karibu na ncha zake, na kila gegedu ina wakati wake wa kugeuka mfupa mgumu. Chini, karibu na kifundo, hukamilika kabla farasi hajatimiza mwaka. Juu ya goti huchukua miaka miwili na zaidi. Uti wa mgongo, mahali panapowekwa tandiko, hungoja hadi mwaka wa tano au wa sita. Meno ya utoto nayo hayamaliziki kubadilika mpaka akaribie miaka mitano. Ndiyo maana mfugaji mwenye hekima hamtwishi mtoto mzigo wa mtu mzima, ingawa kwa kimo anaonekana mkubwa.

YASIYOONEKANA KABISA

Liko jambo la tatu, nalo ndilo liwashindalo hata mabingwa: moyo wa mnyama, ari yake, utulivu wake mbele ya kelele, na hamu yake ya kufanya kazi. Hayo hayapimwi kwa kamba.

Tuiache kando kamari ya mashindano, ambayo sote twajua hukumu yake, tutazame hesabu tu. Mwaka 1961 alizaliwa huko Kanada farasi aliyeitwa Northern Dancer. Alipokuwa na mwaka mmoja mwenyewe alitaka dola 25,000 kwa ajili yake. Wanunuzi wakamwona mfupi, wakapita. Mwaka 1964 alishinda mbio za Kentucky Derby, kisha akawa baba wa kizazi kinachosifika dunia nzima. Mwaka 1983 mmoja wa wanawe, Snaafi Dancer, alipigwa mnada huko Kentucky akiwa bado mtoto, akanunuliwa kwa dola milioni 10.2. Macho ya mabingwa yalimkubali kwa kauli moja. Farasi huyo hakukimbia hata shindano moja maishani mwake.

Na wasidhani warefu kuwa kimo ndicho kila kitu, wala wafupi wasikate tamaa. Mwaka 1988 Big Ben, farasi aliyezaliwa hapa hapa Ubelgiji mwaka 1976, mwenye kimo kinachokaribia sentimita 180, alitwaa Kombe la Dunia la kuruka viunzi akiongozwa na Ian Millar wa Kanada, na mwaka 1989 akalitwaa tena. Mwaka huo huo wa 1988, katika Michezo ya Olimpiki ya Seoul, medali ya dhahabu ya kuruka ilichukuliwa na Pierre Durand wa Ufaransa juu ya Jappeloup, mwenye sentimita 158 tu.

BARUA ILIYO MEZANI

Ndugu wasomaji, mtoto wa mwanadamu si mnyama, naye ana heshima yake mbele ya Mola wake. Lakini tulipokuwa tukirudi mjini nilimtazama kijana wangu, aliyerefuka sentimita kadhaa mwaka huu, sauti yake imevunjika, viatu havimtoshi, na Kifaransa chake cha shuleni bado kinajikwaa kwa sababu alianza kukisoma akiwa na miaka tisa. Nikajiambia: huyu yumo katika kipindi kile ambacho mzee alituambia tugeuze uso, na barua inataka ahukumiwe leo.

Sikuwalaumu walimu. Wao humwona darasani mchana kutwa, na jicho la mtu wa nje mara nyingine huona lile ambalo mapenzi ya mzazi hulificha. Wala sioni aibu katika ufundi. Farasi anayekokota nyavu baharini si duni kwa yule arukaye viunzi. Kila mmoja ana kazi iliyomfaa. Aibu ni kumfunga nira anayeweza kuruka, na vile vile kumlazimisha kuruka aliyeumbwa kukokota, kwa kuwa baba yake anataka kujisifu msikitini.

Basi sikutia sahihi usiku ule. Niliomba kuonana na walimu, nikaenda na maswali matatu. Kwanza, ni kitu gani hasa kilichopimwa: akili ya mtoto, au lugha yake? Pili, kilipimwa lini na mara ngapi? Tatu, akipewa msaada wa lugha, ni nani atakayemtazama tena, na lini? Mwalimu wa hesabu ndiye aliyejibu kwanza. Alisema kuwa kijana huyu, swali likiwa ni la tarakimu tupu, hakosei. Hukosea swali likiwa na maneno mengi. Baraza limekubali kukutana tena, na hadi ninapoandika makala hii jibu halijatoka.

Huenda wakashikilia rai yao, na huenda wakawa sahihi. Lakini atakuwa ametazamwa mara ya pili. Nawasihi wazazi wenzangu: barua kama hii ikiwafikia, msiitie sahihi kwa hofu, wala msiichane kwa hasira. Nendeni mkaulize, na kama lugha inawashinda, mchukueni jirani anayeijua. Nyota njema huonekana asubuhi, ni kweli. Ila ziko asubuhi zenye mawingu.