Baridi ya pikipiki haitibiwi kwa sweta

Dalili ya mvua ni mawingu, na dalili ya Julai katika mitaa ya Eastlands ni wahudumu wa bodaboda kuanza kuvaa kama walinzi wa usiku. Pita steji yoyote ya Donholm, Umoja au Kayole saa kumi na moja alfajiri nawe utawaona: makoti marefu yaliyofika magotini, boshori hadi puani, glavu za sufu zilizotoboka vidoleni, na mmoja au wawili waliojifunga shuka kiunoni. Wakiwa wamesimama hapo wakingoja abiria hawana neno. Lakini wakishaingia Outer Ring na kuongeza mwendo, huwa kana kwamba wamevuliwa nguo zote.

Je, msomaji, umewahi kujiuliza ni kwa nini? Swali hili linaihusu nyumba yako pia. Tangu serikali ilipoondoa ushuru wa VAT kwa pikipiki ndogo mwaka wa 2008, ni nadra kupata ploti huku kwetu isiyo na pikipiki iliyoegeshwa langoni. Pengine ni ya mumeo. Pengine ni ya kijana wako aliye chuoni, ambaye jioni husambaza vyakula ili apate karo. Na hata kama hamna pikipiki, watoto wako huenda wanapelekwa shuleni na bodaboda kila asubuhi.

Jibu ni upepo. Alfajiri za Julai jijini, kipimajoto aghalabu husoma kati ya nyuzi 10 na 13. Hiyo ni baridi ya kuvumilika kwa mtu anayetembea kwa miguu. Anayeendesha pikipiki kwa kilomita 50 kwa saa, hata pasipo upepo, hupigwa na upepo wa kasi hiyo hiyo. Kwa kanuni inayotumiwa na watabiri wa hali ya hewa nchini Kanada, nyuzi 10 zikichanganyika na upepo huo huhisiwa kwenye ngozi kama nyuzi 5 hivi. Halafu mvua ikunyeshee. Maji huondoa joto la mwili kwa haraka mara 25 hivi kuliko hewa, ndiyo maana mtu aliyelowa hutetemeka hata adhuhuri ya mwezi wa Aprili.

Kwa hivyo sweta tatu si kinga. Sufu hutunza joto kwa kushika hewa katikati ya nyuzi zake, na upepo ukipenya huipeperusha hewa hiyo yote. Sweta moja chini ya jaketi jepesi lisilopitisha upepo itakufaa kuliko sweta tatu zilizo wazi. Wazee waliokuwa wakiendesha baiskeli kwenda kazini Industrial Area walilijua hili zamani, wakawa wanatandaza gazeti kifuani ndani ya koti. Usiwacheke. Karatasi huzuia upepo barabara, na gazeti unalolisoma sasa litafaa kwa kazi hiyo ukishalimaliza.

Hapa niseme jambo moja kwa akina mama, kwa maana ndio hununua haya makoti. Wengi huwanunulia vijana wao makoti mazito kwa kuhofia nimonia. Nimonia huletwa na vijidudu. Koti pekee halitaizuia. Hatari iliyo karibu zaidi ya mtu aliye juu ya pikipiki iko vidoleni. Breki ya mbele inashikwa kwa mkono wa kulia, klachi kwa mkono wa kushoto. Vidole vikifa ganzi, mtu huchelewa kubana. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa pikipiki hukata karibu mita 14 kila sekunde. Ukichelewa nusu sekunde tu, umeshasogea mita 7, zaidi ya urefu wa matatu ya abiria 14. Sasa fikiria ni matatu iliyosimama ghafla mbele yako kuchukua abiria, katika Jogoo Road iliyolowa.

Ndiyo sababu ninashauri kwamba kama pesa ni kidogo, uanze na mikono. Glavu za sufu za kuuzwa kando ya barabara ni za mtu anayetembea; zikilowa huwa kama sifongo. Tafuta glavu za ngozi au za kitambaa kisichopitisha upepo, zenye mkono mrefu unaofika juu ya kifundo. Zijaribu ukiwa umekunja ngumi, kisha uguse ncha za vidole vyako kimoja kimoja kwa kidole gumba. Zikiwa nene kiasi kwamba huwezi kuokota sarafu, hutaihisi breki vyema pia. Mvua ikinyesha, ingiza mkono wa glavu ndani ya mkono wa jaketi ili maji yanayotiririka begani yasiingie vidoleni. Siku hizi wengine hufunga kwenye usukani mifuko miwili mikubwa ya kuingiza mikono. Inasaidia sana, mradi tu mkono uingie na kutoka bila kunasa.

Tukija kwenye jaketi lenyewe, soko letu ni Gikomba. Fika mapema siku marobota yanapofunguliwa, na kama mfuko wako unaruhusu uchague nguo za kamera kabla hazijapekuliwa na kila mtu. Utakuta majaketi ya waendesha pikipiki wa Ulaya, ya wapanda milima na hata ya mabaharia. Usivutiwe na uzito wala manyoya ya kwenye kofia. Weka kitambaa mdomoni upulize kwa nguvu. Pumzi ikitokea upande wa pili, rudisha. Kisha ligeuze ndani nje na utazame mishono. Jaketi la mvua la kweli lina utepe uliobandikwa juu ya kila mshono kwa ndani, kwa maana sindano ilipopita ndipo maji yanapopita. Utepe ukiwa umebabuka kama ganda la kitunguu, jaketi hilo limekwisha maisha yake, hata kama nje linang'aa.

Ukibahatika kukuta lenye lebo ya Gore-Tex, kitambaa kilichoanza kutumika kwenye mavazi miaka ya 1970, fahamu kwamba vitundu vyake ni vidogo mno kwa tone la maji kupenya lakini vinatosha mvuke wa jasho kutoka. Yale ya plastiki ya kawaida hayana sifa hiyo. Yatazuia mvua, lakini jasho litakulowesha kwa ndani ukivaa mchana kutwa. Hata hivyo plastiki ina faida yake, kwani hukunjwa na kuwekwa chini ya kiti ikingoja mawingu. Jaribu jaketi ukiwa umeketi na kunyoosha mikono mbele kana kwamba umeshika usukani. Lililokutosha ukiwa wima huacha mgongo na vifundo vya mikono wazi ukiinama. Shingo pia izibwe, maana upepo ukiingia hapo huteremka hadi kitovuni.

Kama hukupata kitu, mafundi wa Uhuru Market watakushonea suruali ya mvua kwa kitambaa cha turubali jepesi. Mwambie fundi aweke mishono pembeni, si katikati ya mapaja ambapo maji hukusanyika ukiketi.

Miguu haina maneno mengi. Zamani dawa yake ilikuwa juala mbili zilizofungwa juu ya viatu, lakini mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Agosti 28, 2017. Gambuti ni nzuri na ni rahisi kupata. Hakikisha tu kwamba si pana mno hata ncha yake ishindwe kuingia chini ya kigingi cha gia, na suruali ya mvua ipite juu ya gambuti. Ukiichomeka ndani, umejitengenezea ndoo mbili.

Sasa lipo kosa moja ambalo kwa maoni yangu ndilo baya kuliko yote, nalo hufanywa na watu waliovaa vizuri kabisa. Sheria ya Trafiki, kwa marekebisho ya mwaka 2012, inamtaka mwendeshaji na abiria wake wavae helmeti na jaketi lenye viakisi-mwanga. Kijana huvaa kile kizibao chake cha manjano asubuhi, baridi ikazidi, akatwika koti jeusi juu yake. Saa moja jioni, mvua ikinyesha na taa za barabarani zimezimika, dereva wa lori anayetoka Kangundo Road haoni mtu. Anaona giza. Kizibao lazima kiwe juu ya kila kitu, kwa hivyo nunua kikubwa kinachoweza kupita juu ya koti. Vinginevyo mpe fundi mistari ya viakisi-mwanga aishone juu ya koti lenyewe, mgongoni na mikononi.

Kioo cha helmeti nacho hupata ukungu wa pumzi mvua inaponyesha. Paka tone la sabuni ya kuoshea vyombo kwa ndani, lipanguse kwa kitambaa kikavu mpaka lisionekane, na uache kioo wazi kidogo chini. Kioo cheusi ni cha jua. Usikitumie usiku, hata kama kinakupendeza. Na ule mwavuli mkubwa unaofungwa juu ya pikipiki mimi siuamini. Upepo wa pembeni ukiukamata, husukuma pikipiki kama tanga linavyosukuma mashua.

Abiria je? Mtoto wa shule anayeketi nyuma na sweta yake ya sare hujificha upepo wa kifuani, lakini magoti yake yako wazi kabisa, nayo mikono yake midogo ndiyo inayomshikilia. Mpe glavu na suruali ndefu ya kuvua akifika. Dada na mama wanaojifunika leso au shuka, ikunjeni na kuikalia pande zote mbili. Kitambaa kinachoning'inia karibu na mnyororo au spoki za gurudumu la nyuma kinaweza kumvuta mtu chini kufumba na kufumbua. Abiria wa kila siku afadhali anunue helmeti yake, yenye alama ya KEBS, na boshori nyepesi ya ndani.

Yapo pia maji ambayo hayana koti. Waliokuwa karibu na Mto Mathare wakati wa mafuriko ya Aprili na Mei 2024 wanajua jinsi barabara inavyogeuka mto kwa muda mfupi. Ukifika mahali ambapo huoni lami, simama chini ya kibanda ungoje, abiria alalamike apendavyo.

Ukirudi nyumbani umelowa, usiyaanike mavazi hayo juu ya jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa. Moshi usioonekana wa makaa huua watu wakiwa usingizini, na joto lenyewe hubabua ule utepe wa mishono uliolipia pesa. Tundika jaketi kwa hanga mahali penye hewa, zipu ikiwa wazi. Glavu za ngozi zisianikwe juani, zitakakamaa. Gambuti zijaze magazeti makavu yaliyofinyangwa. Kabla ya kulala yatoe yaliyolowa utie mengine, na saa kumi na moja alfajiri zitakuwa tayari kuvaliwa.